Nusu ya Siku Yetu, Nusu ya Upepo

Julai, shule za Uingereza zikishafungwa, mimi na mume wangu tunafunga nyumba yetu ya Leicester, tunapanda ndege mpaka Dalaman, kusini magharibi ya Uturuki, na kiangazi chote tunaishi ndani ya mashua ya tanga yenye urefu wa mita kumi. Yeye ni mwalimu, mimi ni mkalimani wa kujitegemea, kwa hiyo likizo yake ndiyo inayopanga mwaka wetu. Mashua yenyewe ni ya zamani: mlingoti mmoja, matanga mawili, injini ya dizeli, jiko la gesi la meko mawili, kitanda omoni, yaani sehemu ya mbele, na turubai la kuzuia jua. Mimi ni mzaliwa wa Nungwi, Unguja, yeye wa Tanga. Sote tumekulia ufukweni, lakini pwani ile imetufundisha mambo ambayo kwetu hatukuyahitaji, na mengi yanahusu namna watu wawili wanavyoamua pamoja wakati upepo hauwasubiri.

Nianze na upepo, maana ndio unaotawala kila kitu. Waturuki wanauita meltem. Huvuma kutoka kaskazini na kaskazini magharibi, tangu Juni mpaka Septemba, na Julai na Agosti ndiyo miezi ya ukali wake. Anga huwa jeupe, hakuna wingu, hakuna mvua, hakuna dalili yoyote ambayo macho ya mtu wa Unguja yangeitambua kuwa ni onyo. Nilisoma habari zake kwa bidii kabla ya safari ya kwanza, na nililolikuta lilinifurahisha sana. Joto la kiangazi huko Asia ya Kusini hutengeneza eneo kubwa la mgandamizo mdogo wa hewa, na mkono mmoja wa eneo hilo unanyooka magharibi mpaka bara la Uturuki. Juu ya nchi za Balkani mgandamizo ni mkubwa. Hewa inakimbia kutoka huko kwenda huku, na hiyo ndiyo meltem. Miezi hiyohiyo, joto hilohilo la Asia linavuta hewa kutoka kusini mwa ikweta kupitia Bahari ya Hindi, na hiyo ndiyo kusi yetu, upepo wa kusini. Siku ambazo mawimbi yanapiga Paje na Jambiani na wavuvi wanafunga ngalawa zao, sisi huku tumejibanza nyuma ya rasi ya Uturuki kwa sababu moja na wao.

Tabia yake ya kila siku, hata hivyo, ni tofauti. Kusi ikishakaa imekaa. Upande wa Fethiye na Göcek, alfajiri bahari huwa shwari kiasi cha kuona uso wako majini. Saa nne asubuhi maji yanaanza kukunjamana. Saa nane mchana upepo umefika kilomita 30 au 40 kwa saa, na ukielekea magharibi, Bozburun na Datça, unapita hapo na huenda usilale hata usiku. Jua likizama, kwa kawaida unalegea. Basi siku yetu imegawanyika mara mbili. Kabla ya adhuhuri ni yetu, tunakwenda tunakotaka. Baada ya hapo ni ya upepo, na sisi tuwe tumeshatia nanga.

Tunaamka saa kumi na moja alfajiri. Chai ya tangawizi inapikwa usiku na kuwekwa kwenye chupa, mikate imefungwa, ramani tumeshaiangalia. Tukishasali tunang'oa nanga kimyakimya ili tusiwaamshe majirani. Wengi wanaokuja kule kwa mapumziko hulala hadi saa tatu, wanakunywa kahawa, wanaogelea, halafu wanaanza safari saa sita, saa ileile upepo unapoamka. Wanafika jioni wamechoka, ghuba imejaa, na kazi ngumu kuliko zote, ya kufunga mashua, inawakuta wakati ambao upepo ni mkali kuliko wote. Ugomvi mwingi wa wanandoa niliousikia baharini ulikuwa saa kumi jioni. Sidhani watu wale wana tabia mbaya. Wamefika kwa kuchelewa tu.

Funzo hili tulilipata kwa nguvu zaidi kwenye sehemu inayoitwa Yedi Burun, yaani rasi saba, kati ya Ölüdeniz na Kalkan. Ni majabali yanayoingia moja kwa moja baharini, halafu ufukwe mrefu wa mchanga wa Patara, na njia nzima hakuna ghuba ya kuaminika ya kukimbilia. Ukienda mashariki, kuelekea Kaş, upepo uko nyuma yako na safari ni raha tupu. Kurudi ndiko kwenye kazi. Ukitaka kubisha, yaani kwenda kwa kupindapinda dhidi ya upepo ule, mchana, mashua ndogo itapigwa na mawimbi mpaka injini na tanga vyote visifae kitu. Kwa hiyo tunaondoka Kalkan saa tisa za usiku, na taa za mji zikiwa nyuma yetu, ili jua litukute tumeshazipita rasi zenyewe. Kama utabiri wa usiku si mzuri, hatuondoki. Tunakaa. Tumewahi kukaa Kalkan siku baada ya siku tukifua nguo na kushona tanga, wakati wengine wakitoka na kurudi wamelowa.

Kusubiri ni kazi, na inataka watu wawili wenye nia moja. Watu wetu waliijua vizuri. Majahazi ya Zanzibar na Lamu yalifuata kaskazi na kusi, na nahodha aliyekosa mwisho wa msimu alikaa Arabuni au Afrika mpaka upepo ugeuke. Hakuna aliyemwita mvivu. Sisi wa leo tuna tarehe ya ndege, na kwa maoni yangu tarehe hiyo ni hatari kuliko upepo wenyewe, kwa kuwa ndiyo inayomfanya mtu mwenye akili timamu atoke bandarini siku ambayo hakupaswa kutoka. Tulichoamua ni kwamba wiki ya mwisho ya likizo tuwe tayari Göcek au Fethiye, karibu na mahali mashua inapolala baridi nzima. Tunapoteza siku za kutembea, ndiyo. Lakini hatujawahi kuvuka Yedi Burun kwa kuogopa kukosa ndege.

Jambo la pili ni maji yenyewe. Mtu wa Nungwi akifika Mediterania kitu cha kwanza anachokikosa ni kupwa na kujaa. Kwetu wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, bahari hupanda na kushuka kama mita nne, na maisha yote ya pwani yamepangwa juu ya hilo: lini uende kuwinda pweza, lini mashua ielee, lini ilale mchangani ikwanguliwe na kupakwa deheni, mafuta ya kuikinga. Pwani ya Uturuki tofauti ni sentimita 20 au 30 tu. Nilikuwa naangalia jiwe lilelile asubuhi na jioni, na alama ya maji iko palepale. Kwa sababu hiyo kusafisha tumbo la mashua kunataka winchi kubwa ya kuinyanyua nchi kavu, na malipo yake si madogo. Lakini pia kwa sababu hiyo unaweza kuifunga mashua kwenye mwamba kwa kamba iliyokaza, ukalala.

Na lazima uifunge, kwa kuwa milima ile haisimami ufukweni; inaendelea kushuka chini ya maji. Hatua chache kutoka kwenye mwamba kina ni mita 15 au 20. Kina cha mita 15 kinataka mnyororo wa mita 60, la sivyo nanga haitashika, na mashua yenye mnyororo mrefu namna hiyo ikizunguka katika ghuba finyu itawagonga majirani. Kwa hiyo watu wa kule hutia nanga mbali, wanarudi kinyumenyume hadi shetri, yaani nyuma ya mashua, ikaribie nchi, halafu mmoja anaruka majini na kamba, anaogelea, anaizungusha kwenye mwamba au kigingi, anarudi nayo. Sisi kazi hiyo tumeigawa hivi: yeye yuko kwenye usukani, mimi niko omoni na mnyororo, kisha mimi ndiye ninayeogelea.

Hapa ndipo ndoa inapopimwa. Injini inanguruma, upepo unakuja wa ubavu na kuisukuma omo, mnyororo unapiga kelele, mwamba unakaribia, na watu wa mashua za jirani wamesimama wanatazama. Ili mwenzio akusikie kutoka omoni hadi shetri huna budi kupaza sauti, na sauti iliyopazwa ili isikike huingia sikioni kama sauti ya hasira. Mwenzio naye anajibu kwa sauti hiyohiyo. Dakika mbili baadaye mna ugomvi ambao hamkuwa nao mlipoingia ghubani. Sisi tuliacha kabisa kusemeshana wakati wa kutia nanga. Tuna ishara za mikono: kiganja wazi ni simama, ngumi ni nanga imeshika, mkono ulionyooka ni upande wa kwenda, kidole kinachozunguka ni ongeza mnyororo. Kabla ya kuingia tunasimama nje ya ghuba, injini ikiwa haisukumi, tunazungumza mpaka kila mmoja aweze kuusimulia mpango wote kwa maneno yake: tunalenga mwamba gani, tukishindwa tutatokea upande gani, na ghuba ya pili ni ipi kama hii imejaa.

Kanuni ambayo imetusaidia kuliko zote ni hii: yeyote kati yetu akisema "tutoke", tunatoka. Hakuna kuulizana kwa nini. Sababu zitajadiliwa huko nje, kwenye maji mengi, mashua ikiwa salama. Bozukkale, ghuba iliyo chini ya ngome ya kale ya mji wa Loryma, upepo hushuka kutoka milimani kwa vishindo, unatulia, unashuka tena. Jioni moja nilikuwa nimeshajifunga kamba tayari kuruka, mume wangu akaniambia, "Mama, tutoke." Mimi sikuwa nimeona kitu. Nilivuta mnyororo, tukatoka. Nje akanieleza kwamba aliona nanga ya jirani imelazwa mbele ya yetu, na lau kishindo kingekuja wakati mimi niko majini, mashua mbili zingekuwa juu yangu. Tuliingia tena mara ya pili kwa pembe nyingine. Ningeanza kubishana pale, sijui kishindo kile kingenikuta wapi.

Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na nyumbani kwetu wanandoa tumezoea kuulizana na kuridhishana, jambo ambalo nchi kavu ni zuri. Baharini tunabadilishana: leo nahodha ni yeye, kesho ni mimi. Nahodha wa siku anasoma utabiri, anachagua saa ya kuondoka na mahali pa kulala, na neno lake ni la mwisho isipokuwa kwa ile kanuni ya kutoka. Mwanzoni mume wangu aliniachia usukani siku za shwari tu. Tulizungumza kwa uwazi juu ya hilo, kwa sababu mtu hajifunzi upepo kwa kukabidhiwa siku ambazo haupo, na yeye alikubali. Sasa zamu ikikuta siku mbaya, imekuta.

Chini ya mashua kuna jambo jingine la kuangalia. Sehemu nyingi sakafu ya bahari imefunikwa na nyasi ziitwazo Posidonia, kijani iliyokoza, ndefu. Nanga haishiki vizuri juu yake, na ikishika inang'oa. Nyasi hizi hutambaa sentimita chache tu kwa mwaka, kwa hiyo shimo moja la nanga huchukua miaka mingi kuziba, na ndani yake ndimo samaki wachanga wanamokulia. Sisi tunatafuta vipande vya mchanga mweupe, hata kama ni kuzunguka ghuba nzima. Vilevile, kwenye ghuba za mkoa wa Muğla kila mashua inapaswa kuwa na kadi ya buluu inayoonyesha kwamba maji taka yake yamepelekwa kituoni, hayakumwagwa baharini. Wapo wanaolalamika. Mimi nimeogelea kwenye ghuba ya Göcek asubuhi, maji yakiwa safi hadi chini licha ya mashua nyingi zilizolala pale, na ninaona kadi ile ni haki kabisa. Natamani siku moja niione Nungwi na Kendwa, penye boti za watalii zinazoongezeka kila mwaka.

Ndani ya mashua maisha yanapungua hadi kwenye mambo ya lazima. Tangi letu ni la lita 250. Tunaoga baharini na kujisuuza kwa kikombe, vyombo vinaoshwa kwa maji ya chumvi kwanza. Mkeka wa sola unaendesha friji ndogo, basi. Mashua iliyotia nanga tu huzungushwa na upepo, kwa hiyo kibla nacho kinahama wakati mtu yuko katika sala. Tunageuka tunavyoweza, na usiku ambao tumefungwa mwambani tunasali kwa utulivu zaidi, dira ikiwa mbele yetu na adhana ikisikika kutoka kijijini. Jumanne kuna soko kubwa Fethiye, Ijumaa kuna soko Kaş, na huko tunajaza nyanya, tini, mabiringanya na tikiti. Kwenye ghuba zisizo na kijiji huwa kuna mgahawa mmoja wenye gati lake la mbao: ukila kwao, hulipi kulala. Na wanawake wa vijijini huja kwa viboti vyao wakipika gözleme, mkate mwembamba wenye jibini na mboga ndani, wanakupa ukiwa moto juu ya ukingo wa mashua. Nazi ndiyo inayokosekana. Tunabeba tui la makopo kutoka Leicester, na jioni ya kwanza ya kila msimu ni wali wa nazi.

Samaki wa kwetu tulimkuta bila kutarajia. Nilikuwa napiga mbizi karibu na Kaş, nikaona kundi la samaki wakikwangua mwani kwenye mwamba, na mwendo wao nikaujua papo hapo. Tafi! Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, bahari mbili ziliunganishwa, na tangu hapo viumbe wa Bahari ya Shamu wamekuwa wakipita kidogokidogo kwenda Mediterania. Aina mbili za jamaa zake tafi zimejaa sasa pwani ile. Nilifurahi, kisha nikatazama vizuri: miamba mingi walikopita ilikuwa imebaki mitupu, kwa sababu wanakula mwani kupita ule unaoweza kuota. Bunju, samaki anayejivimbisha, naye amepita njia hiyohiyo, na Uturuki imekataza kumuuza kwa sumu yake. Wavuvi wa kule wanaumia, nyavu zao zinararuliwa na meno yake. Sisi tulichoweza ni kuwala tafi. Tunawanunua kila tukiwapata, tunakata miiba yao yenye sumu kwa mkasi kama tulivyofundishwa utotoni, na mume wangu anawakaanga kwa pilipili na ndimu.

Karibu na Kaş iko pia rasi ya Uluburun. Mwaka 1982 mzamiaji wa sifongo alisimulia kwamba ameona vitu vya metali chini ya bahari, vyenye umbo la ajabu. Wataalamu wa mambo ya kale walichimba pale kuanzia 1984 hadi 1994, wakizama zaidi ya mara 22,000, na wakatoa shehena ya merikebu iliyozama karne ya 14 kabla ya Kristo: tani kumi za shaba, tani moja hivi ya bati, vioo vya buluu, meno ya tembo na ya kiboko. Vitu hivyo viko katika makumbusho ya Bodrum, ndani ya ngome. Miongoni mwake kuna magogo meusi. Wataalamu walipoyapima waliyatambua: ni mpingo. Mume wangu alisimama mbele ya kioo kile muda mrefu sana, akaniita kwa mkono. Mpingo hauoti kwetu peke yake, unaota Sudan na Ethiopia pia, na Wamisri wa kale waliutumia sana, kwa hiyo sisemi gogo lile lilitoka Handeni. Lakini ni mti ule ambao vinyago na zumari za nyumbani vinachongwa, na ulikuwa ndani ya chombo cha tanga, pwani hii, miaka zaidi ya 3,000 iliyopita. Siku tuliyopita chini ya Uluburun tulishusha tanga kidogo, tukapita polepole.

Upepo huohuo unaotupeleka, majira ya 2021 uliusukuma moto katika misitu ya misonobari ya Marmaris na Bozburun. Vilima juu ya ghuba tulizozizoea viliungua hadi ukingo wa maji. Muğla ndiko asali ya misonobari ya Uturuki inakotoka kwa wingi: nyuki hawaitafuti kwenye maua, wanakusanya utomvu mtamu unaoachwa na mdudu mdogo anayeishi kwenye magome. Msitu ukiungua mdudu anaungua, na mfuga nyuki hana la kufanya mpaka miti mipya ikomae. Tunanunua asali yao kila mwaka, bei yoyote watakayosema. Na hatuwashi moto nchi kavu, hata wa kuchemshia kahawa, hata siku ya shwari, kwani saa nane mchana haitakuwa shwari.

Bado kuna sehemu moja hatujaifika kwa tanga: Knidos, kwenye ncha ya Datça, mji wa kale penye bandari mbili pande mbili za shingo ya nchi. Julai na Agosti meltem inaibana rasi ile vibaya sana, na nanga haishiki vizuri mle ndani. Mume wangu anastaafu mwakani. Tumekubaliana twende Mei, kabla upepo haujaamka sawasawa, na hesabu ya zamu tumeshaifanya tukiwa hapa Leicester: siku ya kuizunguka rasi, nahodha ni mimi.